Filamu za Sanaa Zirudi Meru

Imbaseni, kijiji kilicho mashariki ya jiji la Arusha chini ya Mlima Meru, ndiko Pete O'Neal na mkewe Charlotte, anayefahamika zaidi kama Mama C, walikoanzisha kituo cha jamii cha UAACC mwaka 1991. Wote walikuwa wanachama wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi, huko Kansas City. O'Neal aliikimbia Marekani mwaka 1970 baada ya kutiwa hatiani kwa kosa la silaha. Wakapitia Algeria, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania. Aaron Matthews alisimulia habari zao katika A Panther in Africa, iliyorushwa mwaka 2004 na PBS, televisheni ya umma ya Marekani isiyotafuta faida. Baadaye Joanne Hershfield akatengeneza filamu ya makala inayomhusu Mama C mwenyewe.

Hii ya pili ilikuwa na kazi ngumu zaidi. Maisha ya uhamishoni yana kesi, mipaka na hofu, na mtazamaji hufuata bila kubembelezwa. Sanaa haina mteremko huo. Mama C ni mshairi, mchoraji, na hupiga nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji wa nyatiti huketi kwenye kigoda kifupi, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga mti wa chombo kutoa mdundo. Mpiga picha mgeni huganda kwenye uso na vidole vya mikono, akauacha mguu nje ya picha. Aliyekaa na kusikiliza kwanza hutega maikrofoni ya pili karibu na mguu. Siku za kukaa hivyo hazimwingizii mfanyabiashara chochote, ndiyo maana filamu za namna hii zinahitaji fedha ya wafadhili.

Lakini filamu za fedha hiyo mara nyingi huishia kwenye matamasha ya ng'ambo, mbali na lugha ya watu wa nyumbani. Mwaka 1999 taasisi ya Kiholanzi ya Madunia ilitoa Hali Halisi, makala kuhusu rap ya Tanzania, na hapo angalau wasanii walizungumza lugha ya mashabiki wao. Filamu nyingi hazina hata maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Marekebisho ya mwaka 2019 ya sheria ya filamu ya Tanzania yanawataka watayarishaji wa nje waiachie Bodi ya Filamu nakala ya filamu zao. Ni hatua njema, ila nakala iliyo ofisini jirani wa msanii haioni.

Nawaomba wafadhili waliweke hili kwenye bajeti tangu siku ya kwanza: tafsiri ya Kiswahili, projekta, jenereta, na onyesho la wazi Tengeru, mji wa soko hapo Meru, jioni ya Jumamosi watu wakitoka gulioni. Msanii naye akabidhiwe rekodi kamili ya upigaji wake, pamoja na haki ya kuitumia kufundishia wanafunzi wake bila kuomba ruhusa kwa mtu.