Mbwa wa Rumangabo: Kabla ya Pua, Pumzi

Barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru hupita ubavuni mwa Nyiragongo, ikakata mashamba yaliyoota juu ya mawe meusi ya volkano, ikafika Rumangabo na baadaye Kalengera, pale inapochepuka njia ya kwenda Tongo. Huku mzigo husafiri kwa lori, kwa pikipiki, kwa mgongo wa mama, au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio ambayo mji wa Goma umeijengea sanamu. Punda ni wa nadra na farasi hayupo kabisa. Mtu wa Kalengera akitaka kujua habari za mnyama anayezoezwa kama mwanariadha, asiende mbali kutafuta zizi la farasi. Aulize habari za mbwa wa jirani yake, Rumangabo.

Rumangabo ndiyo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo iko chini ya taasisi ya uhifadhi ya serikali ya Kongo, ICCN. Tangu 2011 mbuga hiyo ina kikosi cha mbwa kinachoitwa Congohounds, kilichoanzishwa kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mbwa wake wa kufuata nyayo ni wa aina ya bloodhound: masikio marefu yanayoburuta, ngozi ya uso iliyolegea kama shuka lisilopigwa pasi, mwili mzito wa kilo 40 na zaidi. Wafaransa na Wabelgiji humwita Saint-Hubert, kwa jina la abasia ya milima ya Ardennes, Ubelgiji, ambako inasimuliwa kwamba watawa walifuga mababu zake. Mbuga iliyoundwa kwa amri ya mfalme wa Ubelgiji imekuja kulindwa na mbwa wa watawa wa Ubelgiji. Historia ina mizaha yake.

Kazi yao ya kwanza iliyovuma ilikuwa Machi 2012. Tembo alikutwa ameuawa upande wa Ishasha, karibu na mpaka wa Uganda, meno yake yamekatwa. Mbwa wawili walipelekwa hapo, wakashika harufu ya majangili, wakaifuata kwa umbali wa kilomita 7 hadi kwenye kijiji kidogo cha wavuvi. Siku mbili baadaye walinzi wa doria katika eneo hilohilo walikutana na kundi la watu walioshukiwa kuwa majangili. Risasi zikarushwa, wale wakakimbia na kuacha bunduki zao.

Habari ya namna hii ikisimuliwa, sifa zote huenda kwenye pua, na pua inastahili. Bloodhound anakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 300, ilhali binadamu ana milioni 5 au 6 tu. Lakini pua haina miguu. Imebebwa na mwili wa kilo 40 unaotembea haraka kilomita 7 katika nyasi na jua, huku ukivuta kamba kwa nguvu. Pua hiyo itafika mwisho wa safari ikiwa bado inanusa, au itafika ikiwa pambo tu usoni? Jibu liko kwenye moyo, mapafu na misuli.

Sababu yake ni rahisi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Tezi zake za jasho zenye kufanya kazi ziko nyayoni, na msaada wake ni mdogo. Akipata joto, hutweta. Hufungua kinywa, hutoa ulimi, huvuta na kutoa pumzi fupi fupi mara mia kadhaa kwa dakika, na maji yanayokauka puani na kwenye ulimi huondoka na joto. Kunusa nako ni kazi ya pumzi: mbwa anayenusa hufunga kinywa na kuvuta hewa puani kama mara 5 kwa sekunde, ili harufu ifike kwenye chumba cha nyuma cha pua ambako inatambuliwa. Mlango ni mmoja na kazi ni mbili. Mbwa anayetweta hanusi sawasawa.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Israeli, Irit Gazit na Joseph Terkel, walionyesha jambo hilo kwa mbwa wa kutafuta milipuko. Walipokimbizwa hadi wakapata joto, kutweta kuliongezeka na uwezo wao wa kugundua ulipungua. Mwaka huohuo utafiti mwingine, wa Marekani, uliwalinganisha mbwa waliozoezwa kukimbia na wale waliokaa tu. Baada ya kukimbizwa kwenye mashine, wale wasio na mazoezi walipoteza zaidi ya nusu ya ukali wa pua zao. Waliozoezwa hawakuathirika hivyo. Anayesimamia kikosi cha mbwa akiulizwa kwa nini anawatembeza kila alfajiri badala ya kuwafundisha harufu, hilo ndilo jibu lake.

Joto hilo linatoka wapi? Linatoka kwenye misuli yenyewe. Kati ya nguvu yote inayochomwa na msuli, takriban robo tu ndiyo inayogeuka kuwa mwendo, na inayobaki hugeuka joto. Kijana anayesukuma chukudu la viazi kupanda mlima anaijua hesabu hiyo bila kusoma fiziolojia: shati limelowa kabla hajafika kileleni. Mbwa akiwa ametulia, joto lake ni kati ya nyuzi 38 na 39. Akifanya kazi ngumu, nyuzi 41 si ajabu kwa mbwa aliyezoea, na zitashuka vizuri akipumzika. Zikipita hapo na zikakaa, utumbo, figo na ubongo huanza kuharibika.

Hapa farasi anafaa kutajwa, hata kama Kalengera hayupo. Farasi na binadamu ni katika wanyama wachache wanaojipoza kwa kumwaga jasho jingi mwili mzima. Farasi anayefanya kazi kwenye joto anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa moja, na jasho lake lina protini maalumu inayolifanya litoke povu, likatambaa juu ya manyoya na kukauka upesi. Ndiyo maana farasi wa mbio anaonekana kama amepakwa sabuni shingoni. Ila jasho hilo lina chumvi nyingi kuliko hata damu yake, kwa hiyo farasi anaweza kuwa amekaukiwa na asihisi kiu. Mchungaji wa farasi lazima afikirie maji na chumvi. Mshika mbwa anafikiria maji zaidi, kwa sababu mbwa anapotweta hupoteza maji na chumvi yake hubaki.

Farasi ana maajabu mengine. Akikimbia kwa kasi kubwa, pumzi yake hufungwa na hatua zake: hatua moja ya mbio, pumzi moja, kwa pua tu, maana kinywani hawezi kupumulia. Wengu wake ni ghala. Akishtuka au akianza mbio, wengu hujikaza na kumwaga chembe nyekundu kwenye damu, hata kiwango cha chembe hizo kinakaribia kuongezeka maradufu. Ni kama mkimbiaji anayejiongezea damu mwenyewe, bila sindano na bila kufungiwa na shirikisho. Moyo unaopiga mara 30 na kitu kwa dakika zizini hufika mara 220 na zaidi uwanjani. Farasi wanaoshindana kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, huyafanya hayo yote kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700, mahali ambapo hewa tayari ni nyepesi.

Na bado, kilo kwa kilo, mbwa hamwonei farasi haya. Kipimo kinachotumika ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika kwa kila kilo. Mwanariadha bora wa binadamu hufika mililita 85 au 90. Farasi wa mbio hufika 150 hadi 180. Mbwa wa kuvuta sileji kwenye theluji ya Alaska wamepimwa wakafika 200 au karibu yake. Mbwa hao pia wana siri ya chakula: mwili wao unategemea mafuta kuliko wanga, na katika mashindano makubwa kila mmoja huweza kutumia kalori 10,000 kwa siku. Anayempa mbwa wa kazi ugali mtupu kila jioni analitilia mafuta ya taa gari la petroli.

Bloodhound si mbwa wa sileji wala greyhound anayekata kilomita 60 kwa saa. Ni mbwa wa mwendo mrefu wa wastani, na mazoezi yake yanafanana na kazi yake: kutembea kwa haraka, kupanda vilima, kuongeza umbali kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Wanaoharibu mbwa na farasi ni wenye haraka. Moyo na misuli hujibu mazoezi mapema. Ndani ya wiki chache mishipa midogo ya damu huongezeka kwenye misuli na vinu vidogo vya kuchomea nishati ndani ya chembe huzaliana. Kano na mifupa hujibu polepole, kwa miezi. Kuna kipindi, basi, ambapo mnyama ana pumzi ya kukimbia lakini miguu yake haijawa tayari kuzibeba mbio hizo, na hapo ndipo farasi wengi vijana huvunjika. Mbwa wa aina kubwa naye asikimbizwe sana kabla ya kutimiza mwaka mmoja au mmoja na nusu, kwa sababu ncha za mifupa yake bado zinakua. Kinyume chake nacho ni kweli: mnyama aliyefungiwa wiki kadhaa hupoteza sehemu kubwa ya alichojenga. Katika eneo ambalo vita hufunga barabara bila taarifa, hilo si jambo dogo.

Virunga ina mtihani wake wa pekee. Rumangabo iko vilimani, penye msitu, ukungu na asubuhi za baridi. Tambarare za Rwindi na Ishasha, na ufuko wa Ziwa Edward, ziko chini karibu mita 900 hadi 1,000, kwenye nyasi na jua kali. Mbwa aliyezoea ubaridi wa mlimani akishushwa ghafla tambarare, mwili wake haujajifunza joto. Kulizoea huchukua siku nyingi, wiki mbili au tatu, za kazi fupi zinazorefushwa taratibu. Harufu nayo ina upande wake: hukaa vizuri zaidi kwenye ardhi yenye unyevu na ubaridi wa alfajiri kuliko kwenye udongo unaoungua saa sita. Kuwahi asubuhi kunaokoa pua na mapafu kwa pamoja.

Tambarare pia zina mbung'o na kupe. Ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o ndio uliowazuia farasi kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati, na mbwa pia huupata. Kupe huleta homa inayovunja chembe nyekundu za damu. Mbwa aliyepungukiwa na chembe hizo ni kama mwanariadha aliyefungwa kamba kifuani: mazoezi ya miezi sita hayamsaidii kitu. Halafu kuna tumbo. Bloodhound, kwa kifua chake kirefu, ni katika mbwa wanaosumbuliwa sana na tumbo kujaa hewa na kujipinda, hali inayoweza kuua kwa saa chache. Wenye uzoefu hugawa chakula mara mbili au zaidi kwa siku na hawamtoi mbwa mazoezini akiwa ameshiba.

Kuhusu jinsi ya kujua kama mazoezi yanafanya kazi, waandaaji wa mbio ndefu za farasi wana kipimo kizuri, kinachotumika pia Oman na nchi nyingine za Ghuba ambako mbio hizo zina wapenzi wengi. Kila mwisho wa sehemu ya safari, mapigo ya moyo lazima yashuke hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, la sivyo farasi anatolewa mashindanoni. Kasi aliyokuja nayo haimwokoi. Mshika mbwa anaweza kufanya kitu kama hicho bila chombo: atazame baada ya kazi kutweta kunachukua dakika ngapi kutulia, na aandike kila siku. Zikipungua kwa kazi ileile, mbwa anajengeka. Zikiongezeka ghafla, mbwa anaumwa au joto limemzidi.

Zamani wenye farasi waliogopa kummwagia maji baridi mnyama mwenye joto, wakidhani misuli itakaza. Majaribio yaliyofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 yaliondoa hofu hiyo. Kwa mbwa, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ulionyesha kwamba mbwa aliyefundishwa kutumbukiza kichwa mwenyewe kwenye ndoo ya maji baada ya mbio hupoa upesi kuliko kwa taulo lililolowa. Ndoo ya maji inapatikana hata Kalengera. Basi msomaji mwenye mbwa, awe wa ulinzi au koko wa uani, ukimwona ulimi umepanuka na kuwa mwekundu, anayumba na hataki kusimama, usianze kwa kutafuta usafiri. Mwagie maji mwili mzima kwanza, mweke kivulini penye upepo, akishaanza kupoa ndipo umpeleke kwa daktari wa mifugo.