Reli ya Mezani na Watu Wasioonekana

Ndugu msomaji, ukitaka kuijua reli usilikodolee macho gari la moshi. Gari hupita likaenda zake. Tazama kilichobaki kando yake: mataruma yaliyochakaa, majani yaliyoota kati ya kokoto, kibanda cha mabati, na doa jeusi la mafuta pale injini ilipozoea kusimama. Hayo ndiyo yatakayokwambia ni nani waliofanya kazi pale.

Fikira hizi nimezipata Liwatoni, kwa mzee mmoja aliyeajiriwa na reli mwaka 1968 na ambaye sasa amestaafu. Chumbani mwake mna meza ndefu, na juu yake ipo reli ndogo ya upande wa Kilindini kama alivyoijua ujanani. Ulaya na Marekani uraibu huu una maduka yake na majarida yake. Yeye hutumia vitu vya jikoni na vya pwani.

Kazi hii ina sheria moja, nayo ni kipimo: kila kitu hugawanywa kwa 87. Reli yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja. Mezani ni milimita 11 na nusu. Mnazi wa mita 20 huwa sentimita 23. Ile injini kubwa ya Garratt ya daraja la 59, iliyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, yenye uzito wa tani 252 na urefu wa futi 104, huwa sentimita 36 na ushei. Sisi watunzi wa mashairi twaijua sheria hiyo. Mizani ikizidi moja tu, msikilizaji hushtuka hata kama hajui kuhesabu. Vivyo hivyo, mlango ukizidi nusu sentimita mezani, huo ni mlango wa jitu. Na kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530, pangehitajika meza ya kilomita sita! Basi ni lazima mtu achague, na mzee wetu amechagua vitu vya kando.

Kokoto zake ni mchanga wa pwani uliopitishwa kwenye chekeche. Huunyunyizia maji yenye tone la sabuni, kisha hudondosha gundi iliyozimuliwa, nayo huzama pasi na kuacha alama. Majani ni usumba wa nazi uliokatwakatwa na kutiwa rangi. Mabati ni karatasi ya bati iliyokandamizwa juu ya kitana mpaka ikapata mikunjo. Kutu ameipaka kwa rangi ya hudhurungi aliyoilinganisha na hina iliyokauka. Akanionyesha jambo ambalo wengi hulikosea: reli inayotumika huwa na kutu ubavuni tu, na mgongo wake hung'aa kwa kusuguliwa na magurudumu. Reli yenye kutu mgongoni ni reli iliyosahauliwa. Ipo mlingoti wa ishara, mkono wake umelala sawa na ardhi, maana yake simama. Kwa mbali upo mnara wa mawe wa Mbaraki, na mibuyu.

"Ami, mbona sioni watu?" nikamuuliza.

"Wametoka sasa hivi, Maalim," akanijibu.

Hakuwa akifanya mzaha. Mjukuu wake aliwahi kumletea visanamu vya watu, kila kimoja hakifiki sentimita mbili, akavirudisha kwenye boksi. Katika hadithi sahihi tumesoma habari za mtu aliyemwendea Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, akamweleza kuwa riziki yake ni kutengeneza sura. Akaonywa, kisha akaelekezwa kuwa ikiwa hana budi, basi atengeneze miti na visivyo na roho. Wapo wanavyuoni wanaoruhusu vitu vya kuchezea watoto, wakishika hadithi ya wanasesere wa Bibi Aisha. Mzee hagombani na mtu. Ameshika lake, na kwake shauri lile la miti limekuwa mlango wa sanaa nzima.

Maana asiyeweza kumweka mtu hulazimika kuweka athari yake. Penye kibanda pana kandambili mbili, moja imekatika ukanda. Birika li juu ya jiko. Kanga imeanikwa. Mswala, urefu wake haufiki sentimita moja na nusu, umetandikwa kuelekea kaskazini, kwani kibla chetu Mombasa ni kaskazini karibu sawasawa.

Pembeni ipo reli nyembamba zaidi, ya milimita saba. Hiyo ni ya toroli, zile gari za reli za futi mbili zilizokuwa zikisukumwa na watu kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920. Abiria alikaa kivulini chini ya turubai, na wasukumaji walikimbia juani. Mzee ameisimamisha toroli chini ya mwembe, na kwenye mpini amening'iniza vitambaa viwili vya kufutia jasho.

Hapo ndipo nilipoyaona maana ya kazi yake. Injini za daraja la 59 zilipewa majina ya milima, na mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Hakuna iliyopewa jina la mchimba tuta. Katika ujenzi wa reli ile Wahindi wapatao 2,500 walikufa, na Waafrika waliokufa hawakuhesabiwa kwa makini kama hayo. Mei 31, 2017 reli pana ilianza safari zake, na stesheni yake ikajengwa Miritini. Injini itapata wa kuikumbuka. Kandambili nani ataikumbuka?

Basi, msomaji, ukiwa na baba au ami aliyefanya kazi relini au bandarini, kaa naye angali hai, ukiwa na kalamu na rula. Usimuulize gari lilikwenda mbio kiasi gani. Muulize birika lilikuwa wapi, walikuwa wakiswalia wapi, na kivuli kilikuwa cha mti gani. Uandike. Wabillahi taufiq.