OK ya Nani, na Maana Yake Nini?

Hebu hesabu ni mara ngapi kwa siku unalisikia neno OK. Msimamizi wa kiwandani akikagua kazi husema OK, yaani imepita. Mgonjwa akiulizwa hali hujibu OK, yaani hajambo kiasi, wala hajapona. Jirani anayesimuliwa kisa kirefu huitikia OK, OK. Hapo hakubali wala hakatai, anaonyesha tu kwamba angali anasikiliza. Na mama akimwambia mwanawe OK kwa sauti ya kukata, mtoto mwenye akili hutambua kwamba hakuruhusiwa, ameonywa.

Wako wanaodhani neno hili lina umri wa Kiingereza chenyewe. La, lilizaliwa kwa mzaha. Katika mji wa Boston, Marekani, miaka ya 1830, palizuka mtindo wa kuandika maneno kwa makosa ya makusudi, kisha kuyafupisha kwa herufi za mwanzo. Maneno yenye maana ya "yote sahihi" yakageuzwa kuwa "oll korrect", na gazeti la Boston Morning Post likachapa kifupi chake tarehe 23 Machi, 1839. Ni kama sisi tungeandika "thawa gabisa", kisha tukawa tunaambiana T.G. mitaani! Mizaha mingi ya namna hiyo ilikufa. Huu uliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, aliitwa Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook. Wafuasi wake wakaunda klabu ya O.K. Rais alishindwa, neno likabaki.

Sisi nasi tunalo "haya". Haya ni nimekubali, haya ni ondoka, haya ni tuone basi utafika wapi. Uso na sauti ndivyo vinavyoamua. Lakini redioni uso hauonekani.

Tarehe 27 Machi, 1977, ukungu mzito ulifunika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Uhispania. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa katika njia moja ya kurukia. Ile ya KLM ilianza kukimbia bila ruhusa ya kuruka, na rubani msaidizi akaarifu kwa maneno yaliyoweza kufahamika kwamba wako tayari, au kwamba wanaruka. Mwongozaji wa mnarani akajibu "OK", akanyamaza kidogo, ndipo akaongeza kwamba wasubiri mpaka awaite. Papo hapo marubani wa Pan Am nao wakasema kwamba wangali njiani. Sauti mbili zikagongana, zikawa mlio. Kilichowafikia Waholanzi wazi wazi ni OK peke yake. Watu 583 walikufa. Haijatokea ajali ya ndege iliyoua zaidi ya hiyo.

Si haki kulitwika neno moja lawama yote, maana ukungu ulikuwapo, na haraka ilikuwapo. Hata hivyo, baada ya msiba huo kanuni za mazungumzo ya redioni zilikazwa. Rubani hurudia agizo kwa maneno yake yenyewe, na neno la kuruka halitamkwi ila ruhusa inapotolewa au kufutwa.

Nyumbani kwangu nilisimulia habari hii. Tangu siku hiyo nikiitikia OK nikiwa nasoma gazeti, mama watoto huuliza: "OK ipi hiyo?"