Blodrai Kwa Keja: Nyoosha Nywele Pipeline Bila Kuzichoma, na Bila Kuzimia Ploti Nzima Stima

Ni Jumapili jioni. Kesho asubuhi uko na intavyuu tao. Saluni ya chini ya ploti imejaa mpaka watu wamekaa nje kwa ngazi, na soo mbili zilizobaki kwa mfuko ni za fare. Lakini kwa kona ya keja kuna ile draya ulibuy Dubois ukisema siku moja utajifunza kuitumia.

Basi siku imefika.

Kujiblodrai si ngumu. Shida ni kuna madem kibao mtaani walijaribu mara moja, nywele zikatoka laini hadi wakajipiga picha ishirini, halafu siku ya kuosha wakapata zile za mbele zimekataa kujikunja. Zimelala tu kama nyasi imekanyagwa. Hapo hakuna krimu itakuokoa, ni makasi na subira. So kabla uwashe hiyo kitu, tuelewane kwanza.

Nywele hunyooka aje?

Unywele ni protini inaitwa keratini, na ndani yake kuna vifungo vingi vidogo sana vinavyoshikilia umbo lake. Kuna vifungo ambavyo maji huvifungua, halafu vinajifunga tena nywele zikikauka. Hiyo ndiyo siri yote ya blodrai: unavuta nywele zikiwa na unyevu, unazikausha zikiwa zimevutwa, vifungo vinashika hapo hapo.

Ndio maana mvua ikikunyeshea pale Outering ukingoja mat, zinarudi vile zilikuwa. Hujakosea kitu, ni maji tu yamefungua vifungo tena.

Relaksa ni story tofauti. Hiyo huvunja vifungo vigumu zaidi, na zile nywele hazirudi nyuma. Sasa moto ukizidi, unaharibu keratini yenyewe, na hiyo pia haina kurudi.

Umbali ni kila kitu

Mwaka wa 2011, watafiti wa Korea Kusini walipima hii maneno. Draya ikiwa sentimita 15 kutoka kwa nywele, joto lilikuwa kama digrii 47. Kwa sentimita 10 likafika 61. Kwa sentimita 5, digrii 95, karibu maji ichemke. Kadri joto lilipanda, ndivyo ganda la nje la nywele liliharibika zaidi. Lakini kwa sentimita 15, draya ikisongeshwa bila kusimama, nywele ziliumia kidogo ndani kuliko hata zile ziliachwa zikauke zenyewe.

Ukweli ni kwamba nywele walizopima si kama zetu, na kila draya ina moto wake. Ila somo ni moja: urefu wa biro kati ya draya na kichwa, na mkono usilale.

"Lakini draya yangu iko na kitana mbele!" Najua. Za wengi wetu ziko hivyo, na hiyo kitana inagusa nywele moja kwa moja. Kwa hivyo cheza hivi: kausha kwanza na draya ikiwa mbali, bila kitana, mpaka nywele ziwe karibu kukauka. Kisha ndio uweke kitana, moto wa kati, upitishe mara moja au mbili kwa kila fungu. Si mara tano.

Sasa twende kazi

1. Jaza mitungi mapema. Unajua maji ya Pipeline haina adabu, na hutaki ikuishie na povu kichwani. Osha na shampuu mpaka mafuta ya zamani yatoke, weka kondishona, suuza vizuri. Nywele zenye mafuta mazito huwa nzito, hazipepei hata ukiblodrai mpaka asubuhi.

2. Finya maji na tisheti kuukuu ya pamba. Taulo ikisuguliwa kwa nywele inazivuruga na kuzikata. Ngoja mpaka ziache kudondoka. Nywele zimelowa chepe hazifai kupigwa moto mkali, kwa sababu maji ndani yake yanaweza kuchemka na kuacha mapovu ndani ya unywele. Hapo ndio hukatikia.

3. Gawa mafungu sita au nane, sokota kila moja uishike na klipu. Hii hatua watu huruka, ndio unaona mbele imenyooka na kisogoni ni msitu.

4. Paka ile dawa imeandikwa kwa chupa kwamba inakinga nywele na moto. Kidogo tu, kwa kila fungu. Kujipaka mafuta ya nazi mengi halafu uwashe moto mkali ni kama kujikaanga.

5. Chana kuanzia nchani ukipanda kwenda kwa mizizi. Vidole kwanza, kisha kitana ya meno mapana.

6. Vuta fungu likaze, halafu elekeza hewa chini, kutoka mizizi kwenda nchani. Unywele umefunikwa na magamba kama ya samaki, na yote yanaangalia chini. Ukiyafuata yanalala, na hapo ndipo mng'aro hutoka. Ukipiga kutoka chini kwenda juu yanasimama, unabaki na vumbi vumbi.

7. Malizia na hewa baridi. Nywele zikipoa zikiwa zimevutwa, umbo linashika vizuri.

8. Mafuta matone mawili kwa viganja, pitisha kwa nywele, funga matuta makubwa, vaa skafu ya satini, lala.

Ukiona mvuke mwepesi, ni maji yanatoka. Ukisikia harufu ya kuungua, zima hiyo kitu saa hiyo hiyo.

Maneno ya stima

Draya nyingi hula kati ya wati 1,200 na 2,200. Ya wati 2,000 ikiwashwa nusu saa moto wote imemaliza uniti moja ya token, yaani kama bob 20 hadi 30 kulingana na matumizi yako. Ukilinganisha na saluni, umeokoa.

Lakini kuna ploti ambazo stima iko ndani ya rent, na huko keateka hataki kusikia coil, pasi wala draya. Muulize kabla. Usingoje aje kukata waya mlangoni nusu ya kichwa ikiwa imenyooka.

Pia chagua saa. Saa moja jioni nusu ya floo imewasha coil za kupika, ukiongeza draya mnaenda giza wote, na majirani watajua ni nani. Piga hiyo kazi mchana. Chomeka kwa soketi ya ukuta, si kwa ekstensheni nyembamba ambayo tayari imebeba TV, simu tatu na wufa. Ukigusa waya upate umepata moto, chomoa. Na usiwahi kuishika na mikono mvua, ama kuiwasha karibu na beseni la maji. Nywele zitamea tena, wewe hapana.

Stima ikipotea je?

Kuna njia ya mashosho: uzi. Nywele zikiwa na unyevu kidogo, gawa mafungu, zungushia kila moja uzi mweusi kutoka mizizi hadi nchani, ukivuta bila kuumiza ngozi. Lala nazo. Asubuhi fungua, zimenyooka bila moto hata kidogo. Hazitakuwa laini kama za draya, lakini zikichanwa nyuma na kufungwa, hakuna mtu wa ofisi atajua.

Mara ngapi?

Si kila wiki. Wape hata wiki mbili, tatu. Na kila ukiosha, fanya hii testi: chukua nywele chache za mbele, zidondoshee maji. Zikijikunja, uko fiti. Zikilala tu hapo, weka draya chini miezi kadhaa, sukia lines, wacha zipumzike.

Sasa kesho ukipanda mat ya tao, omba tu jirani afunge dirisha.