Nani alipe umeme wa gari kambini?

WENYE viwanja vya kambi nchini Uingereza wana hesabu mpya ya kupiga. Mteja anafika na karavani, analipia nafasi ya kulala, kisha anachomeka na gari lake kwenye umeme uleule.

Gari hilo ni haibridi, linalotumia petroli pamoja na betri ya kuchaji kwa plagi. Mojawapo ni Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoingia soko la Uingereza mwaka 2014 ikiwa na betri ya uniti 12 na uwezo wa kukokota kilo 1,500. Uuzaji wa magari mapya ya kampuni hiyo nchini humo ulikoma mwaka 2021, lakini yaliyotumika bado yanauzwa.

Mnunuzi asitarajie faida kubwa barabarani. Lisipokokota kitu, gari lilipimwa kwenda kilomita 52 kwa umeme. Likivuta karavani, umbali huo huweza kupungua kwa karibu nusu. Kutoka London hadi Cornwall ni zaidi ya kilomita 300, hivyo sehemu kubwa ya safari ni petroli.

Nafuu huanza karavani inapofunguliwa. Safari fupi za dukani na ufukweni huenda kwa umeme mtupu, na umeme huo unatoka kambini.

Soketi ya ampea 16 hutoa kilowati 3.7 hivi. Chaja ya ampea 10 huchukua kilowati 2.3 kwa muda wa saa tano. Katika saa hizo, birika la kilowati 2 likiwashwa, swichi ya usalama huweza kukata. Ufaransa zipo kambi zinazotoa ampea 6 tu, ambazo hazitoshi hata chaja hiyo peke yake.

Kwa mwenye kambi, ikichukuliwa kwamba uniti moja ni peni 30, kujaza betri hiyo ni pauni 3.60. Magari 20 yakichaji kila usiku ni pauni 72, sawa na pauni 504 kwa wiki. Kama umeme umo ndani ya bei ya nafasi, fedha hizo zinakatwa kwenye faida yake.

Sheria nayo ina sehemu yake. Ofgem, mdhibiti wa nishati, hairuhusu umeme wa matumizi ya nyumbani, ukiwamo wa karavani, kuuzwa tena kwa bei inayozidi ile ulionunuliwa. Hata hivyo, tangu mwaka 2014 umeme wa kuchaji magari hauhesabiwi katika kikomo hicho.

Kwa hiyo, mwenye kambi anayefunga kituo cha kuchaji chenye mita yake anaweza kupata faida halali. Anayeacha magari yachomekwe kwenye soketi za karavani bila mita anabeba gharama mwenyewe, au anawatwisha wateja wasio na magari hayo kwa kupandisha bei ya nafasi zote.