Kipimo cha jeni cha TB: Mbeya imetafiti, bei hupangwa Marekani

Mtoto wa miaka mitatu hajui kutoa makohozi. Akifikishwa zahanati na kikohozi cha wiki tatu, maabara mara nyingi haina cha kupima, na mganga hubaki kukisia. Kwa Mbeya na Iringa hilo ni jambo zito. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 9.6 Mbeya na 11.1 Iringa, wakati wastani wa nchi ni 4.4, na penye VVU TB haikosekani.

Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR Mbeya kimeshiriki kujaribu njia nyingine: tone la damu ya kidole. Mwili ukipambana na TB, jeni za GBP5 na DUSP3 katika chembe nyeupe za damu huzidisha kazi, na KLF2 hupunguza. Katriji, yaani kifaa kidogo kinachopachikwa kwenye mashine ya maabara, husoma hizo tatu na kutoa jibu ndani ya saa moja. Matokeo ya watoto wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, yalichapishwa 2024: katika kila watoto 100 waliothibitishwa kuwa na TB, kipimo kiliwabaini kama 60. Ni pungufu, lakini kwa mtoto asiye na makohozi ni hatua kubwa.

Kubashiri nani ataugua kesho ni kugumu zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba jeni 16 zaweza kuashiria TB miezi mingi kabla ya dalili. Walipojaribu kuwapa dawa ya kinga watu waliotajwa kuwa hatarini na toleo fupi la kipimo hicho, la jeni 11, matokeo ya 2021 yalionyesha haikuwakinga. Anayeuza utabiri leo anauza mapema mno.

Sasa tuje kwenye fedha. Katriji hiyo ya jeni tatu imebuniwa na kampuni ya Cepheid ya California kwa mashine za GeneXpert, ambazo hospitali zetu tayari zinazo. Kampuni ya Danaher iliinunua Cepheid mwaka 2016 kwa dola bilioni 4. Mashine hununuliwa mara moja, katriji kila siku, na muuzaji wa katriji za mashine hizo ni mmoja. Katriji ya kawaida ya TB iliuzwa dola 9.98 kwa miaka mingi. Ilishuka hadi 7.97 Septemba 2023, baada ya wanaharakati na mashirika ya afya kupiga kelele. Ushindani wa vipimo vya TB upo: kipimo cha Truenat cha kampuni ya Molbio, kutoka India, kilikubaliwa na WHO mwaka 2020.

Watoto wa Mbeya wametoa damu yao kwa utafiti huu. Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa zidai bei ya katriji hii kwa maandishi kabla haijaingia sokoni, na Bima ya Afya kwa Wote iitambue tangu siku ya kwanza.