Korona ilipungua, lakini uchovu wa wahudumu wa afya haukuisha

Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi Mei 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha. Wananchi walivua barakoa wakarejelea shughuli zao. Kwa baadhi ya wauguzi, matabibu, madaktari, wafanyakazi wa usafi na wale wa vyumba vya maiti, mambo hayakuwa rahisi hivyo.

WHO hueleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa. Haiuhesabu kama ugonjwa. Anayeupata huishiwa nguvu, hupoteza moyo wa kazi na huhisi kwamba lolote afanyalo halitoshi. Yule muuguzi ambaye wagonjwa humwita "mkali" huenda hakuwa hivyo miaka michache iliyopita.

Kwa uchovu wa aina hii, likizo na zamu zilizopangwa vyema husaidia. Lakini kuna mzigo mwingine usioondolewa na usingizi. Wakati wa janga, jamaa walizuiwa kuingia wodini, hivyo mara nyingine muuguzi ndiye aliyeshika simu ili mgonjwa aagane na watu wake. Palipokuwa na uhaba wa oksijeni, mhudumu alijua tiba inayohitajika ila hakuwa nayo. Kumbukumbu kama hizo humwachia mtu hatia isiyo yake. Nyumbani nako wengine walilala chumba cha peke yao wakihofia kuambukiza watoto, huku baadhi ya majirani wakiwakwepa njiani.

Kwa nini basi wengi hawatafuti msaada? Sababu kubwa ni siri. Katika hospitali ndogo, mshauri nasaha ndiye mnayekunywa naye chai saa nne, na faili ya mgonjwa hupitia mikononi mwa wafanyakazi wenzake. Mhudumu huhofia kuonekana hafai kazi au kunyimwa cheo. Ndiyo maana ni heri apewe nafasi ya kuhudumiwa katika kituo kingine, au kwa simu. Semina ya siku moja hotelini haitoshi, hasa ikiwa anarudi na kukuta zamu yake ikimsubiri.

Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yanazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Wakuu wa vituo nao wana la kufanya bila kungoja bajeti: kuhakikisha siku za likizo zinachukuliwa, kubadilisha watu katika wodi nzito, na kutenga dakika chache za mazungumzo baada ya kifo kilichowagusa wafanyakazi.

Jamaa wa mhudumu wawe macho akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akizidisha pombe, akijitenga au akisema amechoka kuishi. Kauli hiyo ya mwisho isichukuliwe kama mzaha. Apelekwe hospitalini mara moja. Ushauri nasaha pia hupatikana kupitia nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo.

Wanaonyamaza kwa kuogopa kushtakiwa wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.